Kisanduku cha Madhumuni

Kesho saa sita mchana natakiwa kupeleka fomu, na kisanduku kimoja bado kitupu. Tangu nitoke kazini nimeosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, nimefungua dirisha na kulifunga mara nne, na chai niliyojimiminia imepoa mara mbili. Fomu ni ya kipindi changu cha redio, nusu saa kila siku kuanzia saa nane mchana, ambacho nimekitayarisha kwa miaka kumi na saba katika idhaa ya umma pale mjini Nairobi. Wakubwa wasiporidhika nayo, kuanzia mwezi ujao nusu saa hiyo itakuwa ya muziki mtupu. Kisanduku chenyewe kimeandikwa Madhumuni. La kuandika ninalo tangu jana, lakini mkono unakataa kabla sijamsema yule aliyenifundisha kukijaza.

Tulimwita Mkuu kwa sababu alikuwa mkuu wa vipindi, na hata alipostaafu jina hilo halikumtoka. Alikozaliwa na ukoo wake havikunikaa kichwani. Kilichonikaa ni miguu yake. Katika miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi chini yake, sidhani kama nilimwona ameketi zaidi ya mara tatu. Kiti cha ofisini mwake kilijaa makoti, kanda za zamani na bahasha za wasikilizaji. Mikutano aliifanyia kwenye ngazi, akipanda au akishuka, nasi nyuma yake tunaandika huku tumeegemea ukuta. Chai aliinywa akitembea. Mama aliyesafisha korido, akitaka kujua Mkuu ameelekea wapi, alifuata matone.

Saa ya chakula, sisi tukiwa kantini, yeye alikuwa mtaani. Alizunguka kutoka mtaa wa Biashara hadi River Road, akipita kwa vinyozi, kwa mafundi wa viatu, kwa kina mama wanaouza githeri ya mahindi na maharagwe, popote penye redio. Hakuwauliza wanapenda nini, maana alisema mtu akiulizwa anachopenda hukupa jibu la adabu. Alisimama mlangoni akangoja mtu azime au ahamishe kituo, kisha akamwuliza kwa nini amehama. Alirudi ofisini na habari za kukukosesha usingizi. Fundi wa saa pale Biashara amezima redio mwenzenu alipoanza kueleza maana ya uchumi. Kinyozi amehama kwa sababu mtangazaji alicheka kabla hajasema kilichomchekesha. Alizitoa habari hizo papo hapo kwenye ngazi, mbele ya mwenye kipindi, kisha akaendelea kupanda.

Fomu za siku hizo zilikuwa za karatasi, na kila mwaka kila mtayarishaji alijaza yake kueleza kipindi chake ni cha nini. Sote tuliandika maneno tuliyoyarithi: kuelimisha, kufahamisha na kuburudisha. Mkuu aliyakata kwa kalamu ya kijani. Hakukata kwa hasira. Alipiga mstari polepole, mnyoofu, na chini yake akaandika swali moja tu: Nani? Ukimrudishia umeandika "wakulima", alikata tena. Mkulima gani huyo, yuko wapi saa hiyo, mikono yake inafanya nini, na akishazima redio kutakuwa na tofauti gani kwake? Mwenzetu wa kipindi cha kilimo alihangaika na maswali hayo wiki mbili, mpaka akagundua kwamba saa nne asubuhi mkulima wake yuko shambani na redio imebaki nyumbani na kuku. Kipindi kikahamishiwa jioni. Mwenzetu alimnunia Mkuu mwaka mzima, kisha nikamsikia akiwauliza wanagenzi wake maswali yaleyale.

Mwanamke mmoja wa idara ya masoko aliwahi kutaka tufute matangazo ya vifo. Alisema yanahuzunisha, tena majina ya jamaa ni mengi mno, mpaka shemeji wa marehemu aliye ng'ambo anatajwa, na watu wanahama kituo. Mkuu akamchukua kwenye ngazi. Nilikuwa nyuma yao, na walikuwa wamefika chini kabisa kabla Mkuu hajajibu.

"Kipindi kingine chochote hapa ukikikosa, umekosa kipindi," alimwambia. "Hicho ukikikosa, umekosa kumzika mama yako."

Yule mwanamke hakulileta tena. Matangazo ya vifo bado yapo, na mpaka leo nikiyasikia mimi hupunguza mwendo.

Kusifu hakujua. Ukimpelekea kazi nzuri alisema "mgema akisifiwa" na kuishia hapo, kisha huyo akaenda zake. Ukimletea mbovu alikuambia "msikilizaji hana deni kwako". Msemo huo niliuchukia sana nilipokuwa mgeni, kwa sababu nilidhani ukikesha ukiandaa kitu, watu wanapaswa angalau kukusikiliza.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: Mkuu hakuwa malaika. Alikifuta kipindi cha watoto kwa sababu mtayarishaji aliandika jina la binti yake mwenyewe kwenye kisanduku. "Mtoto wako si taifa," alimwambia mbele yetu sote. Barua za watoto zikaja, mfuko mzima, wengine wamechora redio yenye machozi. Alizisoma zote akitembea, wala hakukirudisha kipindi. Kuomba radhi hakukuwa kwake. Miezi kadhaa baadaye, nikitafuta faili nyingine kabatini, nikaikuta fomu ya nyimbo za kanisa za Jumapili asubuhi, kipindi alichokianzisha yeye mwenyewe. Kwenye kisanduku, kwa kalamu ileile ya kijani, ameandika: Mimi. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Kisha nikakasirika kwa niaba ya wale watoto, na hasira hiyo sijaimaliza.

Siku nyingine nilimkuta ndani ya gari lake huko Parklands, nje ya hospitali alikofanya kazi binti yake. Alikuwa ameketi, na hiyo ni mojawapo ya zile mara tatu. Alikuwa akisikiliza kituo cha kibiashara, kile ambacho watu hupigiwa simu na wapenzi wao wakanaswa wakidanganya. Alikuwa amecheka mpaka machozi. Nikamwuliza kwa kiburi madhumuni ya kipindi kile ni nini. Alijibu kwamba ni kumchekesha, na kwamba hakitengenezwi kwa kodi yake, akapandisha kioo.

Binti huyo aliniambia jambo siku tulipomuaga mama yake akistaafu. Alisema nyumbani hakuwahi kuulizwa yuko wapi saa nne asubuhi na mikono yake inafanya nini. Alilisema akitabasamu, sahani ya pilau mkononi, kisha akaenda kumtafutia mama yake kiti ambacho sote tulijua hatakikalia.

Sasa nifike kwenye langu. Mwaka wa kwanza wa kipindi changu nilikuwa na haraka ya kumpendeza. Kwenye kisanduku niliandika hivi: Kalekye, mfanyakazi wa nyumbani, Muthangari, hupiga pasi saa nane mchana; akisikiliza atajua kuondoa madoa na kumtunza mtoto mwenye homa. Kalekye hakuwapo duniani. Jina nililitunga, mtaa wa Muthangari niliuweka kwa kuwa ndio ulionijia, na ili mambo yanoge nikaongeza kwamba anafanya kazi kwenye nyumba yenye lango la kijani. Mkuu aliisoma akishuka ngazi, kisha akasimama. Kusimama kwake katikati ya ngazi kulikuwa nadra, nikafikiri nimepatia.

"Chukua koti," akasema. "Twende tukamwamkie Kalekye."

Gari la idhaa lilitufikisha Westlands, foleni ikagoma, Mkuu akafungua mlango palepale akaanza kutembea. Nilimfuata na viatu vya visigino, roho mkononi, nikitunga tena njiani. Kalekye ameacha kazi. Kalekye ameenda kwao kuna msiba. Niliomba Mungu Muthangari nzima isiwe na lango la kijani hata moja. La kwanza tulilikuta baada ya kona mbili.

"Sasa, madam," mlinzi alimwamkia Mkuu. "Kalekye? Hapa hakuna mtu anaitwa hivyo."

Nilikiri papo hapo, juu ya changarawe, mlinzi akisikia, kwamba nimemtunga. Nilikuwa kwenye mkataba wa miezi sita na nilijua ndio unaishia hapo. Mkuu hata hakunigeukia. Alikuwa ameshamwuliza mlinzi kama nyumba hiyo ina mfanyakazi, na kama anaweza kuja langoni kidogo, akipenda.

Mwanamke aliyekuja alikuwa wa umri wangu, kanga kiunoni, na mkononi alishika redio ndogo iliyofungwa betri kwa mpira. Ilikuwa ikiongea, lakini si kituo chetu. Mkuu alimweleza sisi ni kina nani, kisha akamsomea fomu yangu neno kwa neno. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mwanamke alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Saa nane sipigi pasi," akasema. "Pasi ni ya jioni. Saa nane ndio saa yangu ya kukaa. Mama hajarudi, watoto wako shule, hakuna mtu ananiita."

Nikamwuliza, angalau niokoe kitu, basi saa hiyo angependa kusikia nini. Mapishi? Afya ya watoto?

"Hizo ni kazi, na kazi naijua. Tangu asubuhi ni leta hii, peleka ile. Mimi nataka tu mtu aniongeleshe bila kunituma."

Mkuu akanipa kalamu ya kijani. Niliandika maneno hayo kwenye kisanduku, karatasi nimeiegemeza kwenye lango. Tulipokuwa tukirudi kwa miguu alinipa adhabu yangu bila kunitazama: kila Januari, kabla sijapeleka fomu, niende nikamwone mwanamke yule na nimwulize upya. Kufikia mwaka uliofuata hiyo ilikuwa sheria kwa watayarishaji wote. Kila Januari ungetuona tumetawanyika jijini na viungani, kila mmoja akimtafuta mtu wake, na watu wa uhasibu wakiuliza ni wazimu gani huu.

Kipindi kikawa cha maongezi matupu. Barua za wafanyakazi wa nyumbani kama yule mwanamke, visa vya sokoni, mtu akisimulia alivyopotea siku ya kwanza kuja Nairobi akaishia harusini kwa wasiomjua. Hatukumwagiza mtu afanye lolote. Januari ya pili yule mwanamke aliniambia amebadilisha stesheni na amenunua betri mpya. Nilirudi mjini nikitembea haraka kama Mkuu.

Mkuu alipostaafu, sheria ilistaafu naye. Januari ya kwanza bila yeye nilikuwa na mafua. Ya pili kazi zilikuwa nyingi. Baada ya hapo nilinakili tu kisanduku cha mwaka uliopita, na sikumwona mwanamke wangu kwa miaka sita. Kipindi nacho kikabadilika mikononi mwangu. Ofisi moja ya serikali ilileta ujumbe wa chanjo, na ulikuwa wa maana. Nyingine ikaleta wa kunawa mikono, nyingine wa kujiandikisha, nyingine wa kuchemsha maji. Yote yalikuwa mambo mema, na yote niliyapokea kwa moyo safi.

Mwezi uliopita bosi wetu mpya, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliniuliza mkutanoni kama huyu msikilizaji wangu wa Muthangari bado yupo. Nikasema yupo. Nililisema haraka, na nikajua nimedanganya kabla sijafunga mdomo. Jumamosi nikaenda. Palipokuwa na lango la kijani pamesimama ghorofa, na mlinzi wa sasa hajui hata kama hapo palikuwa na nyumba. Nilisimama kando ya barabara, mwongo mara ya pili mahali palepale, na safari hii hapakuwa na wa kunisomea fomu. Maji yalikuwa yamezidi unga. Jana nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa Mkuu.

Anakaa mtaa wa Jamhuri, katika nyumba ya zamani yenye ua wa michongoma. Nilimkuta ameketi, na hilo lilinishtua kuliko nywele nyeupe. Magoti yamekataa. Hainuki bila mkongojo na mtu wa kumshika. Lakini miguu yenyewe haijapokea habari hiyo, maana muda wote ilikuwa ikipiga sakafu chini ya meza. Msaidizi wake wa nyumbani, mwanamke wa miaka kama thelathini anayemwita Mkuu Shosho, yaani nyanya, alituletea chai. Nilimweleza Mkuu kila kitu: fomu ya Ijumaa, ghorofa, uongo wa mkutanoni. Nilimwomba aniambie niandike nini. Alinisikiliza, kisha badala ya kunijibu akatazama saa ya ukutani.

"Saa nane," akasema. "Nitoe nje."

Nikamshika, tukatoka hatua kwa hatua mpaka kwenye kiti cha uani, na mlango wa jikoni ukafungwa nyuma yetu. Nilipouliza tumekimbia nini, alinieleza kwamba kuanzia saa nane hadi saa tisa msaidizi wake haitwi kwa lolote. Wiki iliyopita mkongojo ulianguka mbali na kiti, naye akakaa akiutazama mpaka saa tisa. Alilisema bila kujisifu, kama mtu anayekuelekeza njia.

Jua lilikuwa likimpiga usoni na kofia yake ilikuwa jikoni. Niliinuka nikaichukue. Akanidaka kifundo cha mkono, na nguvu bado anazo. Basi nikamfunika kichwa kwa skafu yangu, nikaketi tena kwenye kigoda, nikainuka, nikaketi.

Kisha redio ikaanza kusikika dirishani. Nikanyoosha shingo kuisikia sauti ya mtangazaji wangu. Haikuwa sisi. Ilikuwa kile kituo cha wapenzi wanaonaswa, na kule ndani msaidizi akacheka peke yake kicheko kirefu. Nikamwambia Mkuu kwamba huyu wake hatusikilizi.

"Alikuwa anawasikiliza," akajibu. "Mwaka mzima. Halafu akaacha, nikamwuliza sababu." Nikaona anatafuta namna ya kulisema polepole, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu. "Anasema siku hizi mnamtuma."

Nilirudia kichwani kipindi cha juzi. Nawa. Chemsha. Peleka mtoto. Hakikisha. Usisahau. Jiandikishe. Nusu saa nzima, na kila neno lilipitia kwenye kalamu yangu. Ilinichoma, nikalia, wala sitadanganya mara ya tatu kwamba lilikuwa vumbi. Mkuu hakunibembeleza. Alingoja nimalize huku viatu vyake vikichimba nyasi.

Nikamwuliza tena, basi niandike nini?

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi nimekaa tu hapa na kofia iko jikoni. Kama huwezi kungoja saa tisa, ingia. Lakini usiingie na shida."

Sikuweza kungoja. Nikapiga hodi jikoni. Msaidizi alikuwa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio imekaa dirishani. Aliponiona aliishusha miguu upesi, akaanza kuinuka.

"Shosho anataka nini?"

"Hataki kitu," nikasema. "Hata mimi sitaki kitu. Kaa tu."

Aliitazama mikono yangu, labda nimebeba kikombe cha kuoshwa. Nikamtajia jina langu, na kwamba ni mimi ninayetayarisha kile kipindi alichokiacha, na kwamba nimekuja kumsikia yeye. Alilifikiria hilo. Kisha akairudisha miguu juu ya ndoo, mmoja baada ya mwingine.

"Basi ngoja hii iishe, anti," akasema, akaongeza sauti.

Nikavuta kigoda cha pili, nikaketi mkoba magotini, nikasikiliza kipindi cha watu wengine mpaka mwisho.